Yule Msichana Alikuwa Anasoma Nini?

5 Oktoba

Shajara hii ni zawadi ya duka la dhahabu. Juu ya jalada kuna mungu wa kike Lakshmi anamwaga sarafu kutoka mkononi, na ndani kurasa za miezi tisa ziko tupu. Hapana hasara, hakukuwa na cha kuandika.

Naianza leo kwa sababu nimepata kazi. Shule ya wasichana kule Koyambattur wananitaka nikafundishe hesabu baada ya sikukuu ya Pongal, mwezi wa kwanza, na wana bweni la walimu. Baba amesema, "Tutaona." Katika nyumba hii "tutaona" ndilo jibu tunalopewa pia kuhusu paa la jiko, ambalo linavuja tangu nikiwa darasa la tatu. Mvua za mwaka huu zimeanza na Mama amekwisha weka karai mahali pake.

Kaka yangu Esakki hakusikia habari ya kazi yangu. Alikuwa anahesabu siku za kufika Diwali, ambapo inatoka filamu mpya ya Jeyanthan. Esakki ni katibu wa chama cha mashabiki wa Jeyanthan, tawi la mtaa wetu. Ndicho cheo pekee alichowahi kupata Tirunelveli nzima.

8 Oktoba

Mvua. Karai limejaa mara mbili.

11 Oktoba

Jioni, nilipotoka tuisheni ninakofundisha, Sudalai alikuwa amesimama kwenye kibanda cha chai mkabala na mlango. Huyu ni mwenyekiti wa chama cha Jeyanthan, yaani bosi wa Esakki, na ana duka la kuchapisha mabango: ya harusi, ya mabinti waliovunja ungo, ya misiba, ya wanasiasa wanaotimiza miaka. Hakuna aliyezaliwa wala kufa mjini humu bila Sudalai kumchapisha. Alivaa miwani ya jua, na jua lenyewe hatujaliona wiki nzima.

Alikuwa ameegemea pikipiki, mguu mmoja ameukunja. Pozi hilo nalijua. Filamu za mapenzi za kwetu nimezitazama zote, maana Mama hazimpiti na runinga ni moja, na naweza kuzipika nimefumba macho. Chukua mwanamume asiye na kazi. Mpe pikipiki na marafiki wanne wasio na kazi kumzidi. Chukua msichana mwenye vitabu kifuani. Amwone kituoni, upepo uje, nywele zipepee. Amfuate. Msichana akikasirika, amfuate. Akilia, amfuate akiimba. Baba wa msichana akileta watu wenye mapanga, wapigwe wote. Kabla ya mapumziko ya katikati ya filamu msichana ageuke na kutabasamu. Hakuna anayejua kwa nini ametabasamu. Huenda amekumbuka kitu kingine.

Mama hulia hapo kila mara. Kisha, filamu ikiisha, huuliza swali lake lilelile la kipumbavu: "Yule msichana alikuwa anasoma nini?" Nani anajua, Mama? Ni vitabu vya mapambo.

14 Oktoba

Yupo.

15 Oktoba

Yupo. Leo amekuja na wenzake. Nilipopita, mmoja akasema, "Shikamoo, shemeji!" Wengine wakacheka mpaka chai ikawatoka puani.

19 Oktoba

Nimemwambia Esakki amwondoe mwenyekiti wake pale kibandani.

"Kwani amekugusa?" akauliza.

"Hajanigusa."

"Amekutukana?"

"Hapana."

"Sasa shida iko wapi? Mtu anakunywa chai. Barabara ya serikali, chai ya pesa yake. We Kayal unajiona nani, malkia?" Akafikiri kidogo, kazi ambayo huonekana usoni mwake. "Halafu mwenyekiti ni mtu mzuri sana. Anakupenda kwa heshima."

Baba alikuwa anasikiliza kutoka kwenye kiti chake. Ni kondakta mstaafu wa mabasi ya serikali na bado hukaa kama anayengoja mtu apige kengele. Nilidhani atakasirika. Badala yake akatabasamu, na mimi nikajua kinachokuja, kwa sababu mtaa mzima unaijua hadithi ya Baba na kibanda cha soda.

"Mimi kwa mama yenu," akaanza, "nilisimama miaka miwili. Yeye anasoma chuo cha kupiga taipu, mimi niko ng'ambo kwenye kibanda cha soda. Ile soda ya chupa yenye gololi shingoni, ya tangawizi, mpaka leo naisikia ulimini. Amevaa sari ya kijani. Hanitazami! Mvua, nipo. Jua, nipo. Kaka zake wakaja kunipiga, nipo. Siku moja akatoka, akageuka, akatabasamu." Hapo Baba hupiga paja. "Penzi la siku hizi mnabofya simu tu. Penzi ni kusimama."

Mama alikuwa anamenya vitunguu vidogo. Hajawahi kusema kitu hadithi hiyo ikisimuliwa, na mimi huwa nafikiri ni haya. Mtu ambaye maisha yake yalikuwa filamu moja mbaya, na bado analilia nyingine kila Jumapili.

22 Oktoba

Yupo. Mwavuli mpya, mwekundu.

31 Oktoba, Diwali

Nimepelekwa kwenye *Nitangoja Mlangoni*, onyesho la kwanza, kwa nguvu. Esakki alikuwa na tiketi za familia na Mama alinishika mkono.

Nje ya ukumbi kulikuwa na Jeyanthan wa mbao, mrefu kupita nguzo za umeme, na chama kizima kimepanda ngazi kumwagia maziwa kichwani kama mungu wa hekaluni. Ngoma, fataki, maziwa yanatiririka mpaka kwenye viatu vya watu. Esakki, ambaye hajawahi kumwaga hata maji kwenye mchicha wa Mama, alikuwa juu kabisa na ndoo. Mvua ikaanza na maziwa yote yakaenda mtaroni. Wakaleta mengine.

Ndani, mambo yalikuwa yaleyale. Jeyanthan ana miaka hamsini na anacheza mwanafunzi. Anamngoja msichana mlangoni pake misimu miwili ya mvua. Msichana anasema hapana, watu wanapiga miluzi. Anasema hapana tena, anampiga kofi, watu wanasimama juu ya viti kwa furaha, kwa sababu kofi maana yake karibu atakubali. Anatabasamu. Karatasi zikarushwa hewani, na mimi nikakuta moja mdomoni.

Mama alilia. Tulipotoka akauliza, "Yule msichana alikuwa anasoma nini?"

"Udaktari wa ng'ombe, Mama," nikasema, "ili amtibu Jeyanthan."

Hakucheka. "Hawakusema," akasema, akajifunika kichwa kwa pindo la sari, tukaenda.

4 Novemba

Leo nimefanya kile ambacho msichana yeyote wa kwetu hufanya akitaka kumaliza jambo. Nimevuka barabara, nimesimama mbele ya Sudalai na wenzake wote, nikamwita kaka.

"Kaka Sudalai," nikasema kwa sauti, muuza chai asikie. "Wewe ni rafiki wa kaka yangu, kwa hiyo ni kaka yangu. Nenda nyumbani, kaka."

Ukimwita mtu kaka hadharani, mwenye haya huondoka. Sudalai akavua miwani. Macho yake ni madogo na mazuri, jambo lililoniudhi zaidi.

"Hata kwenye filamu alimwita kaka," akasema. "Dakika ya arobaini."

Wenzake wakapiga makofi. Nimefanya tukio la dakika ya arobaini.

6 Novemba

Yupo.

7 Novemba

Yupo. Karai limetoboka. Mama ameweka sufuria ya wali badala yake.

17 Novemba

Leo nimekaa siku nzima mbele ya runinga na sijali nani amesema nini.

Niandike kuhusu Arivalagan, maana katika nchi hii ya wapiga kelele ndiye mtu mmoja ninayemheshimu, na picha yake iko mlangoni mwa kabati langu. Ni mtoto wa hapahapa Tirunelveli, ng'ambo ya mto, mpigaji wa kwanza wa timu ya taifa ya kriketi. Wengine wanaupiga mpira mpaka kwa watazamaji, wanabusu gongo, wanatangaza mafuta ya nywele. Arivu huacha. Mrushaji anakuja mbio kutoka mbali, mpira unatambaa karibu kabisa na vijiti anavyovilinda, mtu mwingine yeyote angeufuata kwa gongo na kutolewa. Arivu anainua gongo juu na kuuacha upite. Halafu anarekebisha glovu na kungoja mwingine. Wanamzomea. Wanamwita nguzo. Mrushaji anatukana, anatema mate, anarudi mwanzo wa mbio zake, na mwishowe anachoka.

Leo ilikuwa siku ya tano na ya mwisho ya mechi, tumezidiwa, kilichobaki ni kutotolewa mpaka jioni. Arivu alisimama tangu asubuhi.

"Siku nzima mbio thelathini na moja!" Esakki alilia. "Bibi yetu angefunga zaidi, na yuko peponi."

"Bibi yetu angetolewa mpira wa kwanza, kama wewe kwenye kila mtihani."

Mama alikaa nami na ungo wake wa mchele. Akatazama kwa muda mrefu. "Hachoki?" akauliza.

"Wanaorusha ndio wanaochoka."

"Na yeye je? Hachoki kurushiwa?"

Nikamwambia hajui mchezo. Jioni Arivu akatoka uwanjani hajatolewa, jezi imeloa jasho, na mechi ikaisha sare. Nililia, na sikuona haya. Nikaamua nitafanya hivyohivyo. Sitamwita Sudalai kaka, sitamwita chochote. Nitaacha mipira ipite mpaka Pongal, kisha nipande basi.

18 Novemba

Yupo. Nimeacha.

20 Novemba

Yupo. Ameimba. Nimeacha.

21 Novemba

Nimeacha. Shangazi wa nyumba ya pili ameniuliza kama nimechagua rangi ya sari ya harusi.

25 Novemba

Mwenye tuisheni ameniita ofisini. Aliangalia kalenda badala ya kuniangalia mimi.

"Mwalimu Kayal, kazi yako ni nzuri. Lakini wazazi wanasema wale vijana pale nje... na mabinti wao wanapita hapo."

"Basi waondoe wale vijana."

"Barabara si yangu. Wewe pumzika nyumbani kidogo, mambo yatulie. Ukishaolewa, karibu tena."

Watoto wangu wa darasa la kumi walikuwa katikati ya pembetatu. Nimewaacha hapo, na sijui nani atawamalizia. Nilipotoka Sudalai alikuwepo, akanikazia macho na kuweka mkono kifuani.

26 Novemba

Nyumbani.

27 Novemba

Nyumbani. Mama ananitazama kila nikipita jikoni. Amefungua mdomo mara mbili akaufunga.

1 Desemba

Bango.

Limefungwa njia panda, kwenye nguzo mbili, pana kuliko ukuta wetu wa mbele. Upande wa kushoto Sudalai na miwani yake, ameegemea pikipiki. Upande wa kulia mimi. Ni picha ya harusi ya binamu yangu, nimevaa yasmini kichwani na nacheka kitu ambacho Mama alikuwa amesema. Nilikatwa kutoka kwa Mama. Bega lake bado linaonekana. Juu, Jeyanthan anatubariki kutoka mawinguni. Chini, kwa herufi za dhahabu: ALINGOJA MLANGONI. SASA MLANGO UMEFUNGUKA.

Picha ile ilikuwa kwenye simu ya Esakki.

Nilipofika nyumbani kutoka sokoni alikuwa anakula vitumbua vya idli. Nikaondoa sahani mbele yake.

"Ulimpa wewe."

"Alisema ni ya kuweka kwenye simu yake tu! Kayal, naapa sikujua atachapisha." Mchuzi ulikuwa kidevuni. "Lakini umetoka vizuri," akaongeza, na nikamrushia ile sahani.

Watu watatu wamekuja kutupongeza kabla ya chakula cha mchana. Mmoja alileta halua.

2 Desemba

Nilimwomba Baba akalishushe. Alivaa kandambili akafika mpaka mlangoni, na kwa hatua hizo nilimpenda.

"Mji mzima umeona," akasema. "Nani mwingine atakuja kukuposa sasa? Nikilishusha watauliza kwa nini, nikiliacha watauliza lini." Akashusha sauti kana kwamba ananipa zawadi. "Na kusema kweli, mwanangu, yule kijana ana subira. Mimi najua subira. Nimewaambia waje tarehe kumi na mbili, kabla ya mwezi wa Margazhi kuingia, maana ukishaingia hakuna anayeposa wala kuoa. Harusi baada ya Pongal."

"Baada ya Pongal naenda Koyambattur."

"Tutaona."

6 Desemba

Jana Arivu alistaafu. Nimengoja mpaka leo kuandika.

Tulikuwa wote sebuleni mbele ya runinga. Walimkalisha kwenye kochi jeupe studio, mkewe pembeni kwa sari ya hariri, na mtangazaji akamuuliza lile ambalo mimi nimetaka kumuuliza maisha yangu yote: umejifunza wapi kuvumilia namna hiyo?

Arivu akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka.

"Kwa huyu hapa," akasema, akimwonyesha mkewe. "Alinikataa miaka mitatu. Kila jioni baada ya mazoezi nilikuwa nasimama mbele ya chuo chao. Alibadilisha njia, nami nikabadilisha. Alibadilisha chuo, nikakijua. Mwishowe akakubali. Baada ya hapo, mrushaji gani atanichosha?"

Studio nzima ilisimama kupiga makofi. Mkewe alitabasamu na kuangalia mikono yake. Hakuna aliyempa kipaza sauti.

"Msikilize mchezaji wako!" Baba alinipiga bega, machozi ya furaha yanamtoka. "Msikilize!"

Nimemsikiliza. Siku zote hizi nilidhani tuko upande mmoja yeye na mimi, tunasimama na gongo tunaacha mipira. Kumbe yeye alikuwa kwenye kibanda cha chai. Nilikuwa nawadharau wenye kulilia Jeyanthan, na mimi wangu nilikuwa nimembandika kabatini. Nimeibandua ile picha. Gundi imeacha alama, nimekwangua mpaka kucha ikavunjika, na nilikuwa na hasira ambayo hata bango halikunipa.

Mama aliingia akanikuta nakwangua. Alikaa kitandani.

"Yule mke wake," akasema, "alikuwa anasoma nini?"

Kwa mara ya kwanza sikumjibu kwa kejeli. Nilimtazama. Mama yangu, ambaye nimekuwa nikimhesabu kuwa mjinga tangu nijue kusoma, alikuwa hatazami filamu zile kama nilivyodhani.

"Hawakusema, Mama," nikajibu.

"Hawasemi," akasema, akaenda kuangalia sufuria inayokinga maji.

9 Desemba

Mvua haikatiki. Mto umepanda ngazi za hekalu. Sijamwona Mama akiwasha runinga wiki hii.

13 Desemba

Walikuja jana. Naandika yote.

Mvua ilikuwa inamwagika tangu alfajiri, nikaomba mafuriko, lakini walifika: Sudalai, mama yake aliyejaa dhahabu mpaka viwiko, mjomba wake, na masinia ya maua, ndizi na tambuu yaliyofunikwa kwa mfuko wa nailoni. Mimi nilivishwa hariri na kuketishwa jikoni ningoje kuitwa nipeleke kahawa, kama ilivyo desturi: unaingia, unainama, wanakutazama, unatoka. Paa lilikuwa linadondosha kwenye sufuria, tone baada ya tone, na Mama alikuwa anakaanga bajia.

Sebuleni Baba alikuwa ameshaanza. Soda ya gololi. Tangawizi. Sari ya kijani. Mjomba wa Sudalai akawa anasema, "Eeh! Eeh!" mahali panapotakiwa. Baba akafika kwenye tabasamu, akapiga paja, wote wakacheka, na akaita, "Mama Esakki, mlete binti na kahawa!"

Mama akanikalisha chini kwa mkono mmoja. Akachukua sinia la bajia akaenda yeye, akasimama mlangoni mwa jiko.

"Sudalai, mwanangu," akasema. "Pale kwenye kibanda cha chai umesimama tangu lini?"

"Tangu kabla ya Diwali, shangazi."

"Mvua na jua."

"Mvua na jua, shangazi!" akasema kwa fahari.

"Kayal alikuwa anafundisha nini mle ndani?"

Nilisogea nikachungulia. Sudalai alikuwa anatabasamu bado.

"Watoto," akasema.

"Watoto, ndiyo. Anawafundisha nini?"

Akamtazama Esakki. Esakki akatazama dari. "Kiingereza?" akasema Sudalai.

Baba akakohoa. "Mama Esakki, maswali gani haya mbele ya wageni? Lete kahawa."

"Na wewe," Mama akasema. Hakupandisha sauti. "Nilikuwa nimebakiza mtihani mmoja pale chuoni. Niambie ni upi."

"Sasa... miaka yote hii, nani anakumbuka?"

"Soda unaikumbuka. Rangi ya sari unaikumbuka."

"Mama Esakki..."

"Ni wa ngazi ya juu, wa taipu ya Kiingereza. Nilikuwa wa kwanza darasani. Ningepata kazi ofisi ya wilaya, mwalimu alikwisha niandikia. Niliacha kwenda kwa sababu ulikuwa umesimama mkabala na mlango. Kaka zangu walinipiga kwa sababu ulikuwa umesimama mkabala na mlango. Wachumba wawili walirudi njiani kwa sababu ulikuwa umesimama mkabala na mlango. Umeisimulia kwenye kila harusi na kila msiba, na siku hata moja hukuuliza nilikuwa naandika nini mle ndani."

Mkono wa Baba ulikuwa bado juu ya paja. "Lakini ulitabasamu," akasema, kwa sauti ndogo ambayo siijui. "Uligeuka ukatabasamu."

"Nilichoka," Mama akasema.

Lile tone likaendelea jikoni. Halafu kitu ambacho sikukitarajia: mama yake Sudalai akainuka. Nilikuwa nimemdharau tangu mlangoni kwa ajili ya dhahabu yake. Hakumtazama mtu. Akachukua sinia la maua, akalirudishia ule mfuko wa nailoni, akaukunja pembe zote vizuri.

"Twende," akasema.

"Mama, lakini bango..."

"Nimesema twende, mwenye bango." Na alipompita Mama mlangoni, akamgusa mkono.

Walipoondoka Mama alitoa mundu nyuma ya mlango, ule wa kukatia makuti, akatoka nao kwenye mvua akiwa na sari yake ya hariri. Nilimkimbilia na mwavuli usio na faida. Njia panda maji yalikuwa magotini. Alipiga kamba ya chini, ikakatika. Ya juu hakuifikia, akaruka, akaruka tena. Kwenye kibanda cha chai wote walikuwa wamesimama.

"Mama Esakki!" muuza chai akapiga kelele. "Hilo ni bango la watu!"

"Na huo ni uso wa binti yangu! Mwenye bango aje adai!"

Hakuna aliyekuja. Aliyekuja ni Esakki, mbio, bila viatu. Akachukua mundu mkononi mwa Mama bila kumtazama machoni, akapanda nguzo. Yule aliyezoea kupanda na ndoo za maziwa alipanda vizuri sana. Jeyanthan akaanguka kwanza, kichwa chini, kwenye matope.

"Nisamehe, Kayal," Esakki akasema aliposhuka, mvua inamtiririka puani. Nilikuwa na majibu mengi tayari. Nikamshikia upande mmoja wa bango, tukalikunja.

14 Desemba

Mama amelikata katikati. Nusu yangu, pamoja na bega lake, ameikunja na kuiweka chini ya godoro. Nusu ya Sudalai iko juu ya paa la jiko, uso juu. Baba ndiye aliyepanda kuilaza. Hakuna aliyemwambia. Alichukua ngazi, akapanga matofali juu ya magurudumu ya pikipiki na juu ya miwani, akashuka, akaenda kukaa. Hajazungumza na mtu tangu juzi.

Mvua imenyesha usiku kucha na sufuria haina tone. Ni bango zuri, kusema haki.

24 Desemba

Kibandani hayupo. Nimewamalizia watoto pembetatu, verandani kwetu. Waliokuja ni wanne tu.

2 Januari

Shangazi wa nyumba ya pili alikuja na wageni, akamwambia Baba awasimulie ile ya soda. Baba akasema hana kumbukumbu nzuri siku hizi. Mama alikuwa anapepeta mchele. Ungo ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

17 Januari

Baba amesisitiza kunibebea sanduku mpaka stendi, ingawa mgongo wake si mzuri. Basi la Koyambattur lilikuwa limechelewa, na alikasirika kwa niaba ya idara nzima. Tulisimama. Nilifikiri ataniambia nisizungumze na watu njiani, au kwamba tutaona.

"Huko unaenda kufundisha nini?" akauliza.

"Hesabu, Baba. Unajua."

"Hesabu najua. Hesabu gani?"

Nilimtazama nione kama ananitania. Alikuwa ameshika mpini wa sanduku kwa mikono miwili, anangoja. Mama alikuwa nyuma yake, amekaza macho barabarani kana kwamba hasikii.

Nikamwambia. Nilianza na pembetatu, kwa kuwa ndizo zilizokatizwa siku ile tuisheni, nikamchorea moja kwenye vumbi kwa ncha ya kiatu. Hakuelewa mengi. Aliuliza, nikarudia. Basi lilipokuja kondakta akapiga kengele, na Baba akainua mkono kumzuia.

"Ngoja," akamwambia. "Hajamaliza."